Mwani umefunika mawe ya tangi langu la matumbawe: nitie dawa, au niyachemshe mawe?

Swali limetoka kwa msomaji wa Nyali, Mombasa. Anasema ana tangi la maji ya bahari la lita 300, lenye umri wa miezi saba. Ndani yake mna klaunfishi wawili, samaki kangaja mmoja wa kahawia mwenye midomo minene, matumbawe laini kadhaa na vikundi vya zoanthidi, vijinyama jamaa wa matumbawe vinavyofanana na maua. Mawe yamefunikwa na mwani wa kijani mrefu kama nywele, na mchanga una utando mwekundu unaorudi kila anapoufyonza. Amepima maji, kwa miligramu kwa lita: nitrati 2, fosfati sifuri. Maji ya bahari anachota ufukweni. Yanayopungua kwa mvuke anayajazia maji ya kisima, maana ya mfereji hayaji kila siku. Joto linamsumbua, kwa hiyo ameweka feni mbili juu ya tangi. Duka limemuuzia dawa ya kuua mwani wa mabwawa, na rafiki yake anamshauri atoe mawe ayachemshe. Kangaja aliambiwa atakula mwani, lakini haugusi. Anauliza afanye lipi.

Ndugu yangu, kwanza weka chini hiyo chupa ya dawa na usiwashe jiko. Mengine yote yanaweza kusubiri wiki, haya mawili hayasubiri.

Soma kibandiko cha dawa. Dawa nyingi za mwani wa mabwawa hutengenezwa kwa salfeti ya shaba. Samaki wengi huvumilia shaba kidogo, ndiyo maana hutumika hata kuwatibu vimelea, tena kwenye tangi la pembeni. Matumbawe, konokono, kamba na kaa hawaivumilii hata kwa kiwango hicho. Ubaya wake mwingine ni kwamba haiondoki: hunasa kwenye mawe na mchanga, kisha hurudi majini kidogo kidogo kwa miezi. Ukiimwaga leo, mwani utafifia kweli, lakini hilo halitakuwa tena tangi la matumbawe.

Kuchemsha mawe ni hatari kubwa zaidi, kwa sababu hatari hiyo ni yako na ya watu wa nyumbani. Zoanthidi, hasa jamii ya Palythoa, huweza kubeba sumu iitwayo palitoksini, mojawapo ya sumu kali kabisa zilizowahi kupatikana kwa viumbe hai. Kuchemka hakuiui. Huiinua pamoja na mvuke, nayo ikaingia mapafuni. Kuna familia, katika nchi zenye wafugaji wengi wa matumbawe, zilizokimbizwa hospitali nyumba nzima, kwa sababu mtu mmoja alichemsha jiwe la tangi jikoni. Usimwagie maji ya moto jiwe lenye zoanthidi, usilisugue kwa nguvu likiwa kavu, na unapofanya kazi karibu nao vaa glavu na miwani, maana wanaweza kurusha maji machoni. Hata jiwe lisilo na zoanthidi ukilichemsha unaua bakteria na vidudu vyote vilivyomo matunduni. Ukilirudisha, vilivyokufa vinaoza, na huo uozo ni chakula kipya cha mwani uleule.

Sasa tuje kwenye vipimo, maana hapo ndipo ulipopotezwa. Umeona nitrati 2 na fosfati sifuri ukadhani maji hayana chakula cha mwani. Kipimo kinaonyesha kilichobaki, hakionyeshi kilichopita. Nywele za kijani zikijaa mawe yote hufyonza fosfati tangu inapoingia, kabla hujachukua maji kwenye kichupa. Sifuri kwenye tangi lililojaa mwani ina maana moja tu: kinachoingia kinaliwa chote, na anayekila ni mwani. Maswali yanayokufaa ni mawili: chakula kinaingilia wapi, na nani mwingine angekila? Dawa haijibu hata moja kati ya hayo.

Mwamba wa bahari wenyewe huota mwani kila siku. Huuoni kwa sababu kuna midomo. Jamaica ilionyesha hilo kwa uchungu. Samaki walao mwani walikuwa wamevuliwa kwa miaka mingi, na kazi ya kuukwangua mwamba ikawa imebaki kwa mnyama mmoja mwenye miiba mirefu myeusi, Diadema antillarum. Mwaka 1983 na 1984 ugonjwa ukapita Karibi yote ukaua zaidi ya asilimia 90 ya wanyama hao. Matumbawe ya Jamaica, yaliyokuwa yamefunika zaidi ya nusu ya mwamba mwishoni mwa miaka ya 1970, yalishuka hadi chini ya asilimia 5 mwanzoni mwa miaka ya 1990, na mwani ukafunika karibu sehemu yote iliyobaki. Kimbunga kilichangia pia, lakini kilichozuia matumbawe kurudi ni mwani usiokuwa na wa kuula. Tangi lako la miezi saba lina mlango wa chakula ulio wazi, na midomo haimo.

Mlango huo, kwa maelezo yako, nina hakika kwa kiasi kikubwa kuwa ni kisima. Tazama feni zako mbili zinavyofanya kazi: zinapoza tangi kwa kuyafanya maji yawe mvuke. Kinachopanda ni maji matupu, na kila kilichoyeyuka ndani yake kinabaki. Wakati wa kaskazi, tangi kama lako lenye feni laweza kupoteza lita 5 kwa siku. Tuseme kisima chako kina nitrati miligramu 30 kwa lita. Lita 5 zitaleta miligramu 150 kila siku, na ukizigawa kwa lita 300 unapata ongezeko la nusu miligramu kwa lita kwa siku, yaani 15 kwa mwezi, hata kama hukuwalisha samaki chochote. Fosfati na silika huja kwa mlango huohuo, na silika ndiyo hulisha ule ungaunga wa kahawia unaotanda kwenye kioo. Feni zinavyozidi kupuliza ndivyo unavyozidi kujaza, na ndivyo unavyozidi kulisha.

Miligramu 30 ni mfano wangu, lakini si mfano wa ajabu. Sehemu kubwa ya Mombasa na pwani yake imekaa juu ya mwamba wa matumbawe ya kale wenye matundu mengi, na maji ya vyoo vya shimo na matangi ya septiki hupenya humo kwa urahisi. Shirika la Afya Duniani linakubali maji ya kunywa yawe na nitrati hadi miligramu 50 kwa lita. Kwa hiyo kisima chaweza kuwa halali kwa mtu na kikawa mbolea kwa tangi. Kabla ya kununua kitu chochote, chukua vifaa ulivyonavyo upime maji ya kisima chenyewe, nitrati na fosfati. Hiyo ndiyo kazi ya kwanza, na ni ya robo saa.

Badala ya kisima, unahitaji maji yaliyochujwa kwa osmosisi, yaani kusukumwa kupitia utando unaozuia sehemu kubwa ya madini, kisha yakapitishwa kwenye resini inayoondoa madini yaliyobaki. Mashine ndogo ya nyumbani ni gharama, sikufichi, lakini ukiwa na pesa ya kifaa kimoja tu mwaka huu, nunua hiyo kabla ya taa mpya na kabla ya tumbawe jipya. Kwa sasa, yale maduka ya mtaani yanayojaza maji ya kunywa kwa mtungi wa lita 20 mengi hutumia osmosisi. Nenda na kile kipima madini cha mkononi kinachofanana na kalamu, kichovye ndani ya glasi uone. Kikisoma chini ya 10, chukua. Kikisoma 60 au 100, basi chujio lao limechoka au wanarudishia madini kwa ajili ya ladha, na hayo hayakufai. Usishawishike na maji yanayodondoka kwenye kiyoyozi, ingawa yanaonekana safi kabisa: yamepita juu ya mabomba ya shaba. Maji ya mvua ya bati nayo huja na zinki na mavi ya ndege.

Maji ya bahari uliyonayo jirani ni baraka, mradi ujue saa ya kuyachota. Chota maji yakijaa, na ikiwezekana siku za bamvua, wakati bahari ya nje inaingia kwa nguvu ndani ya mwamba. Usichote yakitoka, kwa maana wakati huo unachota yaliyoosha ufukwe na mifereji yake. Wakati wa masika, mvua kubwa ikishanyesha, acha wiki nzima au zaidi, na kaa mbali na midomo ya vijito vya Tudor na Mtwapa. Yachuje kwa kitambaa kizito na uyapime chumvi kabla ya kuyatia: uzito wa 1.025 hadi 1.026, au sehemu 35 kwa elfu, ndiyo bahari yetu. Yakisoma 1.022, jua kuna maji ya mvua au ya mto ndani yake, na yarudishe yalikotoka.

Mlango ukishafungwa, ng'oa kwa mikono. Hapa watu wengi hawana subira, nami nakuomba uwe nayo, kwa kuwa mwani uliong'olewa ni fosfati na nitrati uliyoitoa nje ya nyumba kwa ndoo. Chukua mpira mwembamba wa kufyonzea, ufunge mswaki mgumu kwenye ncha yake kwa kamba, ili unaposugua nywele zitoke pamoja na maji badala ya kutawanyika na kwenda kuota pengine. Jiwe moja au mawili kwa wiki yanatosha. Lile linalotoka bila kuvunja kitu, na lisilo na zoanthidi, litoe kwenye ndoo ya maji ya tangi ulikwangulie humo. Fyonza asilimia 10 hadi 15 ya maji kila wiki, na kiasi hicho ndicho urudishie kwa maji mapya ya bahari. Ukifanya hivyo bila kuruka wiki, kwa kawaida mabadiliko huonekana ndani ya miezi miwili au mitatu. Dalili ya kwanza ni kwamba nywele zinapoteza ule ukijani mbichi, zinakuwa fupi na kuchomoka kwa urahisi. Baadaye utaona madoa ya waridi, magumu kama rangi iliyokauka, yakianza kwenye kivuli cha mawe. Hayo usiyasugue. Ni mwani wa chokaa, na jiwe lililofunikwa nao halitoi nafasi kwa nywele.

Ule utando mwekundu ni kiumbe kingine kabisa. Ni sianobakteria, bakteria wanaotumia mwanga kama mimea. Uangalie kwa siku moja: asubuhi mchanga unakaribia kuwa mweupe, saa kumi jioni umefunikwa kama ngozi, na juu yake kuna vipovu vya oksijeni vinavyometa. Ukiunyanyua ukingo kwa vidole huja karatasi nzima. Jamii zake kadhaa zinaweza kujipatia naitrojeni kutoka kwenye gesi ya hewa iliyoyeyuka majini, kwa hiyo kuzinyima nitrati hakuziwezi. Tena nitrati ikiisha kabisa na fosfati ikaendelea kuingia, wao ndio hushinda. Fyonza jioni, wakati umetanda wote. Kisha tazama ulipokuwa: karibu kila mara ni pembe ambako maji yamelala. Kwa tangi la lita 300 lenye matumbawe, pampu za mkondo zisukume angalau lita 6,000 kwa saa, na uzigeuze zikutane ili maji yasiwe na kona ya kupumzikia. Watu hutumia erithromaisini kuua utando huu. Mimi sipendi: inaua pia bakteria wanaokusafishia amonia, na utando hurudi ikiwa kona yake bado imelala.

Fosfati inaweza kupunguzwa kwa chembe za oksidi ya chuma zinazowekwa kwenye mfuko au bomba la chujio. Zinafanya kazi vizuri, na hapo ndipo pa kuangalia. Anza na nusu ya kipimo kilichoandikwa na usizibadilishe kila wiki, kwa sababu matumbawe nayo yanahitaji fosfati kidogo, na yakinyimwa ghafla huparara na kufa kuanzia chini. Shabaha yako ni fosfati kati ya 0.03 na 0.1, na nitrati kati ya 5 na 10. Anayefukuza sifuri mara nyingi hukaribisha mgeni mbaya kuliko nywele: dainoflajeleti. Hawa huonekana kama makamasi ya kahawia yanayoning'inia na vipovu, hustawi pale washindani wao wanapokufa njaa, na baadhi yao wana sumu inayoua konokono wanaowala. Ukiwashuku, tikisa kidogo cha makamasi hayo ndani ya chupa ya maji ya tangi, yapitishe kwenye karatasi ya kuchujia kahawa, uyaache maji yaliyochujwa chini ya taa kwa saa moja. Yakijikusanya tena kuwa nyuzi, ndio hao. Kwa hiyo, baada ya mwani kupungua, ukiona nitrati imepanda hadi 6 au 8, usishtuke ukaikimbilia. Tangi lako litakuwa linafanya vizuri.

Kuhusu taa sina mengi. Saa 8 kwa siku, kwa taima, na pazia kama jua la asubuhi linalipiga tangi. Skima, kile chombo kinachotoa uchafu kwa povu, kama unayo, imwage kikombe kila siku mbili. Chakula cha kugandishwa kiyeyushe kwenye chujio la chai, maji yake umwage kabla hujawapa samaki.

Ukitaka msaada wa kudumu, mwani ushindane na mwani. Kwenye kisanduku cha chujio chini ya tangi weka fungu la Chaetomorpha, mwani wa nyuzi ngumu zilizosokotana kama steelwuli, uliwashie taa yake usiku wakati taa ya juu imezimwa. Ukikua, kata nusu utupe. Usiweke Caulerpa, ingawa iko tele ufukweni na inapendeza. Huweza kuzaa kwa mpigo mmoja, ikamwaga kila ilichofyonza majini na kuyageuza maziwa ya kijani.

Na kangaja wako hakukudanganya, ni aliyekuuzia ndiye hakumjua. Kahawia mwenye midomo minene ni karibu hakika Ctenochaetus. Meno yake ni membamba kama ya brashi, yaliyoumbwa kuchana unga na utando mwepesi juu ya mawe. Hawezi kukata uzi mrefu hata akitaka. Mpe karatasi ya mwani mkavu usiotiwa viungo, mtunze, atakusafishia mawe baada ya nywele kuondoka. Anayekata nyuzi ni yule mwenye pua ndefu, Zebrasoma scopas, naye ni wa bahari yetu hii. Lakini tangi la lita 300 halitoshi kangaja wawili, watapigana. Afadhali konokono. Chagua jamii ya Trochus kuliko Turbo, kwa sababu akianguka mgongo hujigeuza mwenyewe, na kwa tangi lako anza na wanane au kumi. Hata hao hupendelea mwani mfupi. Nywele zikiwa ndefu kama kidole karibu kila mnyama huziacha, ndiyo maana mswaki unatangulia.

Konokono hao, na jiwe lolote jipya, nunua kwa mfanyabiashara mwenye leseni, usiende kuwang'oa mwambani. Matumbawe magumu yote yamo kwenye Kiambatisho cha II cha CITES, mkataba unaosimamia biashara ya kimataifa ya viumbe walio hatarini, na hifadhi za bahari kama Mombasa, Watamu, Malindi na Kisite haziruhusu kuchukuliwa hata kombe. Mwamba wetu ulipata pigo kubwa la joto mwaka 1998, na sehemu nyingi bado hazijarudi zilivyokuwa. Tunaofuga matumbawe nyumbani tunatakiwa tuwe wa kwanza kuuacha.

Limebaki jambo la mawe yenyewe, kwa kuwa hukusema uliyatoa wapi. Kama ni mawe ya matumbawe ya machimbo, yale ya kujengea, au yaliyokaa miaka shambani, yanaweza kuwa yamefyonza fosfati ndani. Chokaa hufanya hivyo, kisha huiachia polepole. Fuata niliyokuambia kwa miezi mitatu. Ikiwa kisima umekiacha, unafyonza kila wiki, na nywele bado zinarudi kwenye mawe yaleyale huku kioo na pampu zikibaki safi, toa jiwe moja lisilo na zoanthidi. Litie kwenye ndoo ya maji ya bahari uliyoyapima na kukuta fosfati karibu na sifuri, funika ndoo giza lisipate mwanga, weka pampu ndogo, na upime tena baada ya wiki mbili. Fosfati ikipanda hadi 0.2 au zaidi, jiwe ndilo linalolisha. Libakishe ndoo hiyohiyo pamoja na chembe za oksidi ya chuma, ukibadilisha maji kila wiki mpaka kipimo kitulie, ndipo ulirudishe na utoe linalofuata. Usiyatoe yote kwa pamoja, kwa kuwa bakteria wanaokusafishia amonia wanaishi humo.